Magari ya Moto Huko Dothani

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, limepigwa chapa kama lilivyosomwa katika redio

MANENO YA KUJIFUNZA KABLA YA SOMO

Mwalimu wa darasa ayaandike maneno haya ubaoni, na wanafunzi wayasome kwa sauti.

Nabii: mtu anayewaambia watu neno la Mungu.
Ghaibu: mambo yaliyofichika, yasiyoonekana kwa macho.
Gari la vita: gari dogo la magurudumu mawili, likivutwa na farasi.
Kuzingira: kuuzunguka mji pande zote, mtu asipate kuingia wala kutoka.
Mateka: watu waliokamatwa vitani.
Kuchimbua: kutoa katika udongo vitu vilivyofukiwa zamani.

SOMO

Wenye daftari wafungue daftari zao. Wasio na daftari wafungue masikio, maana somo la leo ni hadithi, na hadithi hushikwa kwanza kwa sikio.

Leo twasafiri mbali, hata nchi za Israeli na Shamu, katika karne ya 9 kabla ya Kristo. Tangu siku zile hata leo imepita miaka kama 2,850. Tutasikia habari ya mtumishi mmoja aliyeamka alfajiri akaona jeshi limeuzunguka mji, na habari ya bwana wake aliyemwambia asiogope. Habari hii imo katika Biblia, Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 6, tangu mstari wa 8 hata mstari wa 23.

Katika habari hii kuna mambo yanayoonekana na mambo ya ghaibu. Mambo yanayoonekana tutayapima kwa historia, kwa mawe yaliyochongwa na kwa miji iliyochimbuliwa. Mambo ya ghaibu hayapimwi kwa jembe la mchimbaji. Hayo tutayasikiliza kama wenyewe walivyoyasimulia, kisha tutaangalia yaliwafanya watende nini.

Kabla hatujaanza nawapeni swali moja mkae nalo. Mtasikia kwamba mlima ulijaa farasi na magari ya moto. Swali ni hili: magari yale ya moto yalifanya kazi gani? Sikilizeni vema, maana jibu lake si lile mtu analolitazamia.

Nchi mbili jirani

Siku zile Waisraeli walikuwa wamegawanyika katika falme mbili. Ufalme wa kusini uliitwa Yuda, na mji wake mkuu ulikuwa Yerusalemu. Ufalme wa kaskazini uliitwa Israeli, na mji wake mkuu ulikuwa Samaria. Mji wa Samaria ulijengwa na mfalme Omri juu ya kilima. Biblia yasema alikinunua kilima kile kwa mtu aitwaye Shemeri, akalipa talanta 2 za fedha.

Kaskazini mashariki ya Israeli kulikuwa na nchi ya Shamu, na mji wake mkuu ulikuwa Dameski. Jina hili la Shamu wazee wa pwani yetu walijua, maana Waarabu huita nchi hizo Sham hata leo.

Israeli na Shamu walikuwa kama majirani wawili wenye mpaka wa shamba usiokwisha maneno. Leo wapigana, kesho wapatana. Katika mwaka 853 kabla ya Kristo walikuwa wamepatana, maana adui mkubwa kuliko wote wawili alikuwa akija. Adui huyo alikuwa Shalmanesa wa Tatu, mfalme wa Ashuru. Wafalme wengi wa nchi zile waliungana kumzuia, wakapigana naye mahali paitwapo Karkari, katika nchi ambayo leo huitwa Siria.

Twajuaje habari hizi? Shalmanesa mwenyewe aliziandika. Alichonga jiwe kubwa, akaandika juu yake majina ya adui zake na nguvu zao. Jiwe hilo lilipatikana mwaka 1861 mahali paitwapo Kurkh, katika nchi ya Uturuki ya leo, nalo limewekwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, mjini London. Juu ya jiwe hilo imeandikwa kwamba mfalme wa Dameski alileta magari ya vita 1,200, wapanda farasi 1,200 na askari wa miguu 20,000. Ahabu, mfalme wa Israeli, alileta magari 2,000 na askari wa miguu 10,000. Wataalamu wengine waona hesabu hii ya magari ya Ahabu imezidishwa. Lakini hata tukiipunguza, twafahamu jambo moja: siku zile mfalme alipotaka kuonyesha nguvu zake, alihesabu magari.

Gari la vita ni nini?

Hapa tusimame kidogo. Msikiapo gari la moto, msifikiri gari la moshi lipitalo juu ya reli. Gari la siku zile lilikuwa dogo na jepesi, la mbao, lenye magurudumu mawili. Lilivutwa na farasi wawili au zaidi. Ndani yake walisimama watu wawili au watatu. Mmoja alishika hatamu, wa pili alipiga mishale, na wa tatu, kama yupo, alishika ngao ya kuwakinga wenziwe.

Gari hili lilikuwa silaha ya kutisha. Mtu wa miguu mwenye mkuki angefanya nini mbele ya farasi wanaokimbia na mpiga mishale aliye juu yake? Lakini lilikuwa na udhaifu mmoja. Lilitaka nchi tambarare. Mlimani, penye mawe na makorongo, magurudumu yangevunjika na farasi wangejikwaa. Watu wa Shamu walijua jambo hili. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 20, twasoma kwamba baada ya kushindwa vitani walisema Mungu wa Israeli ni wa milimani, basi wapigane naye uwandani, huko watamshinda. Likumbukeni neno hili, tutalirudia.

(Kituo kifupi. Mwalimu wa darasa awaulize wanafunzi: Kwa nini gari la vita lilitaka nchi tambarare?)

Mfalme aliyedhani anasalitiwa

Sasa tuje kwenye hadithi yenyewe. Shamu na Israeli walikuwa wamekosana tena. Biblia haitaji majina ya wafalme wao katika habari hii, yasema tu mfalme wa Shamu na mfalme wa Israeli. Jina linalotajwa ni la nabii, Elisha mwana wa Shafati.

Elisha alikuwa mkulima kabla ya kuwa nabii. Siku alipoitwa na Eliya, bwana wake, alikuwa shambani akilima kwa ng'ombe jozi 12, naye mwenyewe yupo pamoja na jozi ya mwisho. Jina lake maana yake ni Mungu ni wokovu. Wasikilizaji wetu Waislamu pia wamjua, maana ametajwa kwa jina katika Kurani mara mbili, katika sura ya Al-An'am na sura ya Sad. Humo huitwa Alyasaa.

Mfalme wa Shamu alikuwa akituma vikosi kuvizia njiani. Alifanya shauri na wakuu wake, wakachagua mahali pa kujificha. Lakini kila mara Elisha alimpelekea mfalme wa Israeli habari, kwamba ajihadhari asipite mahali fulani, maana watu wa Shamu wapo huko. Mfalme wa Israeli alijihadhari, akaokoka mara nyingi.

Mfalme wa Shamu alifadhaika. Akawaita watumishi wake, akataka kujua ni nani kati yao aliye upande wa adui. Mmoja akamjibu kwamba hakuna msaliti. Yuko nabii katika Israeli, naye humwambia mfalme wake hata maneno yasemwayo chumbani mwa kulala.

Basi mfalme akauliza nabii huyo yuko wapi. Akaambiwa yuko Dothani. Ndipo akatuma farasi na magari na jeshi kubwa. Wakaenda usiku, wakauzingira mji.

Angalieni jambo hili, wasikilizaji. Mfalme ameambiwa kwamba Elisha hujua hata anayoyasema kitandani. Naye afanya nini? Apanga kumkamata kwa siri, usiku! Tena, apeleka jeshi zima kumkamata mtu mmoja asiye na silaha. Mtu mwenye magari mengi huona kila taabu ni taabu ya kutatuliwa kwa magari.

Alfajiri

Mji wa Dothani ulikuwa juu ya kilima chenye urefu wa meta 60 hivi kutoka uwandani. Chini yake ni bonde pana, zuri kwa malisho na kwa kilimo. Ni pale pale ndugu zake Yusufu walipomwuza kwa wafanya biashara waliokuwa wakishuka Misri na ngamia wao, kama isimuliwavyo katika Kitabu cha Mwanzo. Njia ya misafara ilipita hapo. Kwa hiyo watu wa Shamu wangeweza kuyafikisha magari yao mpaka chini ya mji bila taabu, maana bonde ni tambarare.

Mtumishi wa Elisha aliamka mapema. Biblia haikutuandikia jina lake. Alitoka nje, na kulipokucha akaona farasi, na magari, na askari pande zote. Tufikiri alivyoona yule mtu. Usiku alilala katika mji wake. Asubuhi mji umekuwa mtego. Alirudi kwa bwana wake akalia, akamwuliza wafanyeje.

Mtumishi huyu hakukosea. Macho yake yalikuwa mazima. Aliyoyaona yalikuwapo kweli, na hesabu aliyoifanya ilikuwa hesabu sawa: sisi wawili, wao jeshi. Historia haina haki ya kumcheka. Mtu yeyote kati yetu angeogopa.

Elisha akamjibu asiogope, maana walio upande wao ni wengi kuliko walio upande wa adui. Neno hili lilikuwa gumu. Mtumishi alitazama kulia na kushoto, wengi hao wako wapi?

Ndipo Elisha akaomba. Nanyi sikilizeni alivyoomba. Hakuomba jeshi lije kutoka mbinguni. Hakuomba moto ushuke. Aliomba jambo moja tu, macho ya kijana yafumbuliwe apate kuona. Yakafumbuliwa, akaona mlima umejaa farasi na magari ya moto, yamemzunguka Elisha.

Basi kwa masimulizi haya magari yale hayakuja kwa sababu ya maombi. Yalikuwapo tayari, hata wakati mtumishi alipokuwa akitetemeka. Kilichobadilika si mlima. Kilichobadilika ni macho ya mtu.

Na sasa turudi kwenye lile neno nililowaambia mlikumbuke. Magari ya Shamu yalikuwa bondeni, mahali pa magari. Magari ya moto yalikuwa wapi? Mlimani, mahali ambapo gari la mbao haliwezi kusimama. Msikilizaji wa siku zile, ambaye alijua farasi na magurudumu, angefahamu mara moja. Aliambiwa kwamba nguvu za Mungu si gari kubwa zaidi la namna ile ile. Ni kitu cha namna nyingine, kisichofungwa na bonde wala mlima.

(Kituo kifupi. Mwalimu wa darasa awaulize wanafunzi: Elisha aliomba nini? Hakuomba nini?)

Njia ya kwenda Samaria

Watu wa Shamu wakashuka kumwendea Elisha. Hapo twangetazamia magari ya moto yaanze vita. Lakini haikuwa hivyo. Elisha aliomba mara ya pili, kwamba watu wale wapigwe upofu, nao wakapigwa.

Neno la Kiebrania lililotumiwa hapa kwa upofu ni neno la nadra. Katika Biblia nzima laonekana mahali pengine pamoja tu, katika habari ya watu wa Sodoma walioshindwa kuuona mlango wa nyumba ya Lutu. Wafasiri wengine hufikiri halikuwa giza kamili, bali macho yaliyoona bila kutambua, kama mtu aliyepotewa na njia katika mtaa anaoujua. Maana watu hawa waliweza kutembea nyuma ya Elisha.

Elisha akawaambia kwamba njia hii siyo, wala mji huu sio, na ya kwamba atawapeleka kwa mtu wanayemtafuta. Wasomaji wengi wamesumbuliwa na maneno haya. Je, nabii alidanganya? Hadithi yenyewe haimtetei, yaendelea mbele tu. Lakini ahadi yake aliitimiza. Macho yao yalipofumbuliwa, mtu waliyemtafuta alikuwa amesimama mbele yao.

Kutoka Dothani hata Samaria ni kilometa 16 hivi, mwendo wa saa tatu au nne kwa miguu. Jeshi lililokuja na magari lilikwenda likiongozwa na mkulima wa zamani, likaingia katika mji mkuu wa adui. Wakiwa ndani, Elisha akaomba mara ya tatu, akaomba tena macho yafumbuliwe. Nao wakaona kwamba wamo katikati ya Samaria.

Katika habari hii, basi, macho yafumbuliwa mara mbili. Mtumishi alifumbuliwa akaona msaada, woga wake ukaisha. Maadui walifumbuliwa wakaona hatari, na woga wao ukaanza.

Karamu

Sasa twafika penye moyo wa hadithi. Mfalme wa Israeli alipowaona adui mikononi mwake, alimwuliza Elisha kama awaue. Aliuliza mara mbili kwa pupa, naye alimwita Elisha baba yangu, kwa heshima.

Tusimwone mfalme huyu kuwa mtu mbaya kuliko wenziwe. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya vita siku zile. Ashurnasirpali wa Pili, aliyetawala Ashuru tangu mwaka 883 hata 859 kabla ya Kristo, aliandika katika mawe ya jumba lake jinsi alivyowachoma moto mateka, akawachuna ngozi wengine. Hakuandika kwa aibu, aliandika kwa kujisifu. Ndivyo wafalme walivyotaka kukumbukwa.

Elisha akamkataza mfalme. Akamwuliza, je, hao umewateka wewe kwa upanga wako na upinde wako? Maana yake ni hii: ushindi si wako, basi na maisha yao si yako. Akamwagiza awape chakula na maji, wale, wanywe, warudi kwa bwana wao.

Mfalme akatii, tena akazidisha. Aliambiwa awape mkate na maji, yeye akawafanyia karamu kubwa. Fikirini karamu ile. Asubuhi hawa walikuwa wamekuja kukamata na kuua. Jioni wamekaa wakila chakula cha watu waliowatafuta. Kwetu sisi mtu akishakula chumvi ya nyumba ni vigumu kumrudia mwenye nyumba kwa mkuki, na katika nchi zile nako kula pamoja kulikuwa jambo zito.

Hadithi yamalizika kwa kusema kwamba vikosi vya Shamu havikuvamia tena nchi ya Israeli.

Na sasa swali langu la mwanzo. Magari ya moto yalifanya kazi gani? Tuyahesabu. Hayakutupa mshale hata mmoja. Hayakumkanyaga mtu. Hayakushuka kutoka mlimani. Kazi yao, kwa masimulizi haya, ilikuwa moja tu: kumtoa mtu woga. Na yule ambaye hakuwa na woga ndiye aliyeweza kuwapa adui chakula. Mwenye hofu hawezi kufanya hivyo. Mwenye hofu huuliza kama yule mfalme, niue, niue?

(Kituo kifupi. Mwalimu wa darasa awape wanafunzi nafasi ya kuzungumza juu ya jibu hili.)

Yaliyochimbuliwa

Labda mwauliza, mji wa Dothani uko wapi leo? Kilima chake kipo karibu na mji wa Jenin, katika nchi ya Palestina. Tangu mwaka 1953 hata mwaka 1964 mtaalamu wa Kimarekani, Joseph Free, alichimba pale. Alikuta kwamba watu wamekaa juu ya kilima kile kwa maelfu ya miaka, mji juu ya mji, na kwamba palikuwa na mji pia katika siku za wafalme wa Israeli. Magari ya moto hayakuchimbuliwa, wala hakuna aliyetazamia kuyachimbua. Moto wa namna ile hauachi majivu.

Lakini kuna jiwe jingine ambalo latufundisha. Mwaka 1993 wachimbaji walipata kipande cha jiwe mahali paitwapo Tel Dan, kaskazini ya Israeli, na vipande vingine mwaka uliofuata. Limeandikwa kwa Kiaramu, lugha ya watu wa Shamu, katika karne ya 9 kabla ya Kristo. Aliyeandika ni mfalme wa Shamu. Wataalamu wengi husema ni Hazaeli, yule ambaye Elisha alilia machozi alipomtazama usoni, kwa sababu ya mabaya atakayowatenda watu wa Israeli. Mfalme huyu ajisifu kwamba amewaua wafalme. Naye asema kwamba mungu wake, Hadadi, alimtangulia vitani.

Mwaona? Watu wa Shamu nao waliamini mambo ya ghaibu. Siku zile hapakuwa na jeshi lililokwenda vitani bila kuamini kwamba yuko asiyeonekana anayekwenda mbele yake. Basi tofauti haikuwa kwamba hawa waliamini na wale hawakuamini. Tofauti ni kazi ambayo imani ilifanya. Katika jiwe la mfalme, asiyeonekana atangulia ili mfalme aue. Katika habari ya Dothani, wasioonekana wasimama, na watu wanakula.

Je, amani ilidumu?

Mwalimu wa historia hana budi kusema kweli yote. Mkisoma mstari unaofuata baada ya habari hii, mtaona vita tena. Ben-hadadi, mfalme wa Shamu, akusanya jeshi lake lote, auzingira Samaria, na njaa yawa kali hata kichwa cha punda chauzwa kwa vipande 80 vya fedha. Karamu moja haikumaliza ugomvi wa falme mbili. Ilikomesha vikosi vya kuvizia, ikaokoa maisha ya watu wale wa siku ile. Hayo si madogo kwa mama aliyemngoja mwanawe Dameski.

Na yale magari ya kuonekana, mwisho wake ulikuwa nini? Nimewaambia kwamba mwaka 853 kabla ya Kristo jiwe la Shalmanesa liliandika magari ya Israeli kuwa 2,000. Miaka kama 50 baadaye, baada ya kupigwa na Hazaeli, mfalme Yehoahazi wa Israeli aliachiwa wapanda farasi 50, magari 10, na askari wa miguu 10,000. Haya yameandikwa katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 13. Tangu 2,000 hata 10!

Katika sura hiyo hiyo twamwona Elisha mara ya mwisho, mzee, mgonjwa kitandani. Mfalme Yoashi, mwana wa Yehoahazi, alimwendea akalia juu yake, akamwita baba, na kumwita magari ya Israeli na wapanda farasi wake. Mfalme mwenye magari 10 alikuwa amejifunza kuhesabu kwa namna nyingine. Alijua kwamba mzee huyu mmoja alikuwa ngome ya nchi.

Nani aliyeandika?

Vitabu vya Wafalme vilimalizika kuandikwa baadaye sana. Jambo la mwisho linalosimuliwa ndani yake lilitukia karibu na mwaka 561 kabla ya Kristo, yaani miaka kama 300 baada ya siku za Dothani. Habari za Elisha kwanza zilisimuliwa kwa mdomo. Yaelekea walizitunza wanafunzi wake, ambao Biblia huwaita wana wa manabii. Ndivyo wazee wetu walivyotunza habari za ukoo kabla ya vitabu kufika. Kwa hiyo msomaji mmoja husema, mtumishi aliona kwa macho yake kama ilivyoandikwa. Mwingine husema, hii ni hadithi ya kuwatia watu moyo. Historia haiwezi kuwaamulia watu hao wawili. Yaweza kuwaonyesha tu kwamba kwa miaka zaidi ya 2,500 watu walioonewa, wachache mbele ya wengi, wameisoma habari hii wakapata nguvu ya kusimama.

Neno la mwisho

Wanafunzi wapenzi, ninyi mwajua kitu juu ya macho kufumbuliwa. Siku ya kwanza mlipoketi darasani, alama za ubaoni zilikuwa mikwaruzo tu. Maana yake ilikuwapo tayari, iliwangoja, lakini hamkuiona. Leo mwaiona. Wala hakuna aliyewacheka kwa kutokuiona jana. Elisha naye hakumkemea mtumishi kwa kuogopa. Hakumwambia wewe huna imani. Alimwombea aone.

Basi mtu akija kwenu kesho akiwa na woga, naye ana sababu ya kuogopa, msimkaripie. Kaeni naye mpaka kupambazuke. Na mkishapata nguvu juu ya aliyewatesa, mkumbuke karamu ya Samaria. Kwaherini mpaka somo lijalo.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA DARASANI

1. Mfalme wa Shamu alidhani ni nani aliyetoa siri zake?
2. Magari ya Shamu yalikuwa mahali gani, na magari ya moto yalikuwa mahali gani? Tofauti hiyo ina maana gani?
3. Elisha aliomba mara tatu. Taja maombi yote matatu.
4. Kwa nini Elisha alimkataza mfalme kuwaua mateka?
5. Je, karamu ile ilifaa kitu, ikiwa vita vilirudi baadaye? Kila mtu atoe sababu zake.
6. Andika sentensi tatu juu ya siku ambayo mtu fulani alikutoa woga.